Kopo la Vifungo

Wodi imejaa. Baba amelazwa ukumbini,
kati ya ngazi na mlango wa choo,
chandarua kimefungwa kwenye bomba la maji.
Nje Dhaka inachuruzika. Agosti.
Kila ndoo juu ya paa ina mimba ya mbu.

Muuguzi Bithika ana fomu na kalamu inayokwama.
"Mzee, una kisukari?"
"Sina."
"Presha?"
"Sina."
"Figo? Moyo? Pumu ya utotoni?"
"Binti, mimi fundi cherehani. Nina mgongo tu."
"Uliwahi kuugua kidingapopo?"
Baba akatazama dari, kama mtu anayehesabu deni.
"Labda. Mwaka wa mafuriko. Ilikuwa homa tu."
Kalamu ikakwaruza: labda.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mgeni huyu hangoji kupewa.
Anakuja na lake,
na halimi popote. Anapapasa kwanza,
anatafuta udongo uliokwisha kulegezwa
na wenyeji wa siku nyingi:
sukari iliyotafuna kuta za mishipa kimyakimya, kama mchwa,
presha, figo iliyochoka kuchuja,
na ule mlango ambao homa ya kwanza iliuacha wazi
ili ya pili isibishe hodi.

Mkeka wa jirani ni wa Jhumur, miezi saba.
Yeye hakuulizwa sana; tumbo lilijibu.

Siku ya nne homa ya baba ilishuka.
Tukashangilia. Mjomba akanunua madafu kwa bei ya kuruka,
baba akanywa matatu,
akaomba samaki wa hilsa kwa haradali,
akaomba viatu vyake.
Bithika akaja mbio kuliko siku zote za homa.
"Msicheke bado. Joto likiondoka
ndipo maji ya damu huvuja mishipani,
ndani kwa ndani, pasipo jeraha."
Akamshika vidole: baridi kama mkasi wa alfajiri.
Akambonyeza tumbo. Baba akakenua,
na kwenye fizi pakawa na mstari mwekundu,
mwembamba, kama uzi wa pindo.

Nilikwenda nyumbani kuchukua shuka.
Juu ya cherehani, kopo la vifungo.
Sijui kwa nini nililitikisa.
Vifungo vina mlio wake, nimekulia humo.
Ule haukuwa wenyewe.

Chini ya vifungo vya lulu, vya shaba, vya makoti ya maharusi,
vidonge. Vya sukari,
na cheti kilichokunjwa mara nane: miaka sita.
Na vingine, vyeupe, vidogo, vya kulainisha damu.
Miaka ile ile tuliyokuwa tukiposwa, mimi na dada zangu.
Nani angeoa kwenye nyumba yenye ugonjwa?

Mficha maradhi…
sikuimaliza methali.
Nilipanda rikisha, kopo mapajani,
likilia njia nzima kama mvua ya mawe.

Nilimkabidhi Bithika mbele yake.
Akazifuta zile "sina" moja moja.
Daktari akaitwa, vidonge vyeupe vikasitishwa,
madafu yakaondolewa,
dripu ikaanza kuhesabiwa tone kwa tone:
yakipungua, atakauka;
yakizidi, atazama palepale kitandani.
Usiku kucha walimchoma kidole.
Yeye, aliyechoma vitambaa miaka arobaini,
alinitazama kupitia chandarua
kwa macho ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Asubuhi ya sita mkeka wa Jhumur ulikuwa mtupu.
Niliuliza. Mfagiaji aliinua mabega, akaendelea kufagia.

Sasa baba yuko nyumbani. Amekonda, anashona.
Kopo amelihamisha, sijui wapi,
ila vidonge huvimeza mchana kweupe, mbele za watu,
akitazama pembeni.
Hanisemeshi.
Akitaka uzi, anamwambia paka.
Nami naleta uzi, na nashukuru:
anayenuna anapumua.